Chai ya majani: vyombo vyake na namna ya kuipika

Mama amenunua sokoni pakiti ndogo ya majani ya chai. Akifika nyumbani, ayatia katika sufuria pamoja na maji baridi, aweka sufuria motoni, kisha aenda kutwanga sombe. Anaporudi, chai imechemka muda mrefu, imekuwa nyeusi na chungu. Atafanyaje? Atia sukari, vijiko vitatu, vinne, katika kila kikombe. Sukari ya juma zima yaisha siku ya nne. Watu wa nyumbani wasema: «Majani haya ni mabaya.» Sivyo. Majani yalikuwa mazuri, yamepikwa vibaya.

Tutazame kwanza majani yenyewe. Katika milima ya Kivu, upande wa Bukavu na upande wa Butembo, mna mashamba ya chai. Wachumaji huchuma ncha ya tawi tu: chipukizi pamoja na majani mawili yaliyo karibu nalo. Kiwandani majani hunyaushwa, husokotwa mpaka utomvu wake utoke, kisha huachwa yageuke rangi, kama vile avoka iliyokatwa inavyogeuka ikiachwa mezani. Mwisho hukaushwa kwa moto. Ndani ya jani hilo kavu mna vitu vingi: harufu, rangi, kafeini inayofukuza usingizi, na tanini, ndiyo inayokausha ulimi kama ndizi mbichi. Vitu hivyo havitoki vyote kwa mara moja. Harufu na kafeini hutoka upesi katika maji ya moto; tanini nyingi hufuata nyuma. Basi mpishi wa chai ana kazi tatu: kuyapa majani maji ya moto sana, kuyapa nafasi ya kutanuka, na kuyatenga na maji kabla ukali haujazidi. Chombo kinachosaidia kazi hizo chafaa, hata kikiwa cha bei ndogo.

Maji nayo yana mambo yake. Maji ya mto au ya ziwa yaweza kuwa na vijidudu vya kolera na vya tifoidi; yasipochemka vizuri, kikombe cha chai chaweza kumlaza mtu hospitali. Usidanganywe na mvuke wa kwanza. Vipovu vidogo vinavyoshika chini ya sufuria si kuchemka bado. Ngoja mapovu makubwa yapande kwa nguvu, maji yote yageuke-geuke, na uyaache hivyo dakika moja nzima.

Tena, sisi wa milimani tuna shida ya pili. Huko Moanda, pwani ya bahari, maji huchemka yakifika digri 100. Bukavu iko juu ya bahari karibu metre 1.500. Huko hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu nyingi, nayo huchemka kwa digri 95 hivi. Ukiongeza kuni, maji yatakauka upesi zaidi, lakini joto lake halitapanda. Ndiyo maana maharagi huchelewa kuiva milimani. Na chai nyeusi yataka maji ya moto kabisa. Hatuna digri za kupoteza! Kwa hiyo pasha chombo kwanza: mimina ndani maji moto kidogo, yazungushe, yamwage. Ndipo utie majani, na juu yake maji yanayotoka motoni papo hapo. Funika. Maji yaliyolala katika termosi tangu asubuhi hayafai kwa kazi hii. Termosi ni nzuri kwa kutunza chai iliyokwisha chujwa.

Kipimo ni kijiko kidogo kimoja kwa kikombe kimoja, bila kurundika. Majani madogo kama punje yatosha dakika 3. Majani makubwa yataka dakika 5. Asiye na saa ahesabu polepole mpaka 180, na kwa majani makubwa mpaka 300.

Sasa, tuchukue chombo gani? Zamani Wachina walisindika majani ya chai kuwa mikate migumu, wakaisaga, wakaipika. Mwaka 1391 mfalme wao Hongwu aliamuru aletewe kodi ya chai ya majani matupu, si ya mikate. Baadaye desturi ya kumiminia majani maji ya moto ndani ya birika dogo ikaenea. Birika dogo lenye kifuniko na mdomo ni zuri kweli: hushika joto, na majani huogelea humo bila kubanwa. Likiwa la udongo usiopakwa kitu, hunywa harufu. Basi liwe la chai tu. La alumini halivunjiki, lakini hupoa upesi. Lifunike kwa kitambaa kizito. Huna birika? Sufuria yenye kifuniko yatosha kabisa. Iondoe motoni, tia majani, funika, hesabu, chuja. Lakini isiwe ile iliyopika samaki jana!

Katika maduka ya mjini utaona kijiko cha matundu chenye kufungwa, cha kutiwa majani na kuzamishwa katika kikombe. Mimi sikisifu. Majani kavu yakilowa hutanuka sana. Humo husongamana kama watu katika kamyo, na maji hayapiti katikati. Ukikipata, kijaze nusu tu. Afadhali kichujio cha kawaida cha nyuzi za chuma. Kitambaa cheupe pia chafaa, kikioshwa vizuri kila mara na kuanikwa juani.

Wengine hupika majani pamoja na maziwa na tangawizi. Hiyo ni namna nyingine, wala si mbaya: maziwa hushika tanini, na ukali hupungua. Aliye na maziwa aweza kuyachemsha majani kidogo. Asiye nayo asifanye hivyo.

Yabaki mabirika ya bati yaliyopakwa utando mgumu kama kioo. Ni safi na hayana harufu, mpaka siku yatakapobanduka. Hapo chuma hutokea, hushika kutu, na chai hugeuka nyeusi kama wino. Jaribuni masomoni: tieni msumari wenye kutu katika kikombe cha chai, mwuache mpaka kesho, kisha mtazame. (Msiinywe!) Tanini imekamata chuma. Na hayo hutokea tumboni pia: maharagi na mboga za majani zina chuma ambayo damu yaihitaji, na chai inayonywewa pamoja na chakula huizuia isiingie mwilini. Watoto wadogo na mama wenye mimba ndio wanaoumia zaidi. Wao wanywe maji yaliyochemshwa wakati wa kula. Mama akipenda chai, angoje saa moja baada ya chakula.

Maswali. — Kwa nini maji ya Bukavu huchemka kabla ya kufika digri 100? Chai iliyochemka muda mrefu hutumiaje sukari nyingi? Tazama vyombo vya nyumbani kwenu: ungechagua kipi, na kwa sababu gani?