Mtungaji na Hofu Yake

(Somo hili lilitolewa katika kipindi cha Elimu ya Watu Wazima. Limepigwa chapa kwa ajili ya wale waliokosa kulisikia, na wale waliolisikia wakataka kulirudia polepole.)

Natumaini kila mmoja wenu amekwisha pata mahali pa kuketi, na kalamu na karatasi ziko karibu, maana leo tutahesabu kidogo.

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya vina na mizani. Baada ya somo lile nilipata barua kadhaa, na nyingi zilikuwa na neno moja: "Mwalimu, ninayo mashairi yangu ndani ya daftari, lakini naona haya kumwonyesha mtu." Msikilizaji mmoja aliongeza kwamba kila amalizapo ubeti huuchana, kisha hujuta usiku kucha. Basi leo tuitazame haya hiyo, tujue inatoka wapi na mtu aifanye nini.

Kwanza, ndugu msikilizaji, usidhani kwamba hofu yako ni dalili ya kukosa kipaji. Wewe umesikia mashairi tangu utoto wako. Umeyasikia arusini, umeyasikia katika redio, umesoma magazetini. Sikio lako limekwisha komaa. Lakini mkono wako bado mchanga, maana haujaandika mara nyingi kama sikio lilivyosikia. Basi mkono ukitoa kazi yake, sikio hukataa. Na mara nyingi sikio husema kweli: pana jambo halikukaa sawa. Tatizo ni kwamba sikio halisemi ni jambo gani. Hupiga kelele tu, "Hapana!" Nawe, kwa kuwa hujui kosa liko wapi, unajijibu mwenyewe, "Kosa ni mimi." Hapo ndipo daftari linapofichwa.

Nitawapeni mfano wa mtu niliyemfundisha katika darasa la jioni. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa bara, aliyejifunza Kiswahili akiwa mkubwa. Alitunga mashairi usiku, baada ya wateja kuondoka, na daftari lake alilizungushia vipande vya kanga akaliweka chini ya sanduku la nyuzi. Siku moja alisoma shairi lake arusini. Mzee mmoja akacheka, akasema, "Hicho ni Kiswahili cha reli." Watu wakacheka pamoja naye. Yule fundi akarudi nyumbani, akafunga daftari, wala hakutunga tena kwa miaka miwili. Aliponiletea daftari lile aliniambia ameleta ili nimthibitishie jambo analolijua: kwamba yeye si mshairi, na kwamba afadhali alitie motoni.

Nikamwuliza, "Kosa ni nini?" Akasema, "Mimi si mshairi." Nikamwambia, "Hilo silo nililokuuliza. Nionyeshe mstari ulio mbaya." Akafungua, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. Shairi lilianza hivi:

Nimeketi kibandani, nashona nguo za watu

Na mstari uliomkera, beti mbili chini yake, ulikuwa huu:

Mvua iko mlangoni, yabisha kama mtu

Haya, chukueni kalamu. Mnajua kwamba shairi la namna hii lina mizani kumi na sita katika kila mstari, nane kipande cha kwanza na nane kipande cha pili. Tuuhesabu ule wa kwanza. Ni-me-ke-ti-ki-ba-nda-ni: nane. Na-sho-na-ngu-o-za-wa-tu: nane. Hauna kasoro. Sasa huu wa pili. Fundi wetu aliuhesabu kwa vidole akapata kumi na sita, na ndiyo maana alifadhaika. Hesabu ilikuwa sawa, lakini kila akiuimba mstari ulichechemea. Akaamua kwamba, kwa kuwa hesabu haina kosa, kosa lazima liwe damu yake ya bara.

Sikilizeni. Alihesabu m-vu-a, mizani tatu. Lakini m ya mvua haisimami peke yake. Inaungana na v, kama m ya mbuzi inavyoungana na b. Tunasema mvu-a, mizani mbili tu. M ya mlango na m ya mtu, hizo ndizo zinazosimama peke yake, na kila moja ni mizani kamili. Basi tuhesabu upya. Mvu-a-i-ko-m-la-ngo-ni: nane. Ya-bi-sha-ka-ma-m-tu: saba. Mizani moja imepungua, na imepungua katika kipande cha pili. Yule fundi alinyamaza, akaimba taratibu, kisha akaandika:

Mvua iko mlangoni, yabisha kama ni mtu

Neno "ni" tu. Nami nawaambieni kweli, mvua inayobisha mlangoni kama mtu ni picha ambayo mimi, pamoja na diploma yangu, sijaipata mpaka leo. Kwa miaka miwili ilikaa chini ya sanduku la nyuzi kwa sababu ya silabi moja.

Sisemi kwamba hofu yote ni suala la silabi. Nataka mwone lile badiliko la swali. "Je, mimi ni mshairi?" ni swali lisilo na jibu; unaweza kulala nalo na kuamka nalo hata uzeeni. "Mstari huu umepungua wapi?" ni swali linalojibika kabla ya chai kupoa.

Tena mpambanue kicheko. Mtu akicheka kazi yako, mwulize ni neno lipi. Akikutajia, amekufaa hata kama amekuumiza. Lakini mwingine hacheki kazi. Anacheka kabila lako, au kijiji chako, au sura yako. Huyo hana sahihisho la kukupa, maana huwezi kuzaliwa mara ya pili. Siti binti Saad wa Unguja alizaliwa shamba, huko Fumba, karibu na mwaka 1880. Aliuza vyungu mjini, wala hakujua kusoma na kuandika. Alipoanza kujulikana kwa kuimba, wako waliomsema kwa asili yake na kwa sura yake. Angengoja wanyamaze, asingeimba kabisa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Baada ya kufa kwake mwaka 1950, Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Na wewe wa bara unayesema kwamba ushairi ni mali ya watu wa pwani, nakutajia watu wawili. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Yeye ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, ambacho walimu na wanafunzi wamekitumia sana. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917. Kigogo kilikuwa lugha ya kwao. Hata hivyo diwani yake ilitoka mwaka 1963, na jina lake haliachani na ngonjera, mashairi yale ya kujibizana ambayo wengi wenu mliyasema shuleni mkiwa watoto. Sheria zikiisha andikwa kitabuni hazimwulizi mtu anatoka wapi.

(Najua mmoja wenu ataniandikia juu ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye katika Kichomi cha mwaka 1974 aliacha vina na mizani kabisa, na mabishano yakawa makubwa. Ni kweli. Tutafika huko katika masomo ya mbele. Kwa anayeanza, mimi napenda mizani, kwa sababu inampa kitu cha kuhesabu badala ya kujihesabu mwenyewe.)

Sasa nitasema juu ya kazi yenyewe, maana huko ndiko ujasiri unakopatikana. Ukijaribu kutunga na kusahihisha kwa wakati mmoja, utakuwa kama mtu anayechota maji huku akimwaga. Fungua daftari lako. Ukurasa wa kushoto ni wa kuandika. Andika pale bila kufuta, hata kina kikikataa. Weka kistari uendelee. Ukurasa wa kulia uache mtupu mpaka kesho. Kesho, ukiwa umelala na kuamka, hesabu na kusahihisha upande wa kulia. Usiuchane ule wa kushoto. Baada ya miezi mitatu ulinganishe kurasa za mwanzo na za mwisho, ujionee mwenyewe mkono umetembea kiasi gani. Ushahidi huo ni bora kuliko sifa za rafiki.

Halafu mtafute msikilizaji mmoja. Mmoja tu, si arusi nzima. Asiwe yule anayekusifu kwa kila kitu kwa kuwa anakupenda, wala yule anayetafuta kichekesho cha barazani. Mwimbie, usimpe karatasi; shairi ni la sikio. Ukiisha, usimwulize, "Ni zuri?" Atasema ndiyo, ili mle kwa amani. Mwulize, "Ni wapi ulipopotea?" Akikuonyesha mahali, andika alama. Akisema hakupotea, mwimbie mara ya pili umwangalie uso.

Wengine hungoja hofu iishe ndipo waanze. Nawaambieni, haiishi. Mimi hukaa mbele ya mikrofoni hii kila wiki, na hata sasa karatasi ninayoisoma inatikisika. Fundi mitambo aliye nyuma ya kioo anaiona, anatabasamu. Nilipoanza, nilidhani itatulia baada ya masomo matatu. Ninachofanya ni kuibandika mezani kwa vidole viwili na kuendelea kusoma.

Zoezi la wiki hii ni dogo. Andikeni ubeti mmoja, mistari minne, juu ya chombo mnachokishika kila siku kazini: jembe, mwiko, usukani, cherehani, kalamu. Hesabuni mizani kwa sauti, mkikumbuka m ya mtu na m ya mvua. Mahali mnapoona pamechechemea, msifute. Pigeni mstari chini yake, niweze kupaona. Kisha mleteni kama ulivyo. Na tafadhali, chini ya ubeti andikeni jina lenu, msiandike "samahani kwa makosa."

Tutakutana tena wiki ijayo, saa ile ile. Kwaherini.