Mngurumo na Mtetemo: Fizikia ya Kuchagua Pikipiki

Mwanafunzi aliyewahi kusimama karibu na pikipiki ya silinda moja huku injini ikiunguruma bila shaka ameona jambo hili. Kioo cha pembeni hutikisika hata sura haionekani ndani yake. Dereva akiongeza mafuta kidogo, kioo hutulia. Akizidi kuongeza, hutikisika tena. Injini ni ile ile na kioo ni kile kile. Kilichobadilika ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na kila kitu, kiwe kioo, usukani au mkono wa binadamu, kina mitetemo inayokidhuru zaidi kuliko mingine.

Nililitafakari jambo hilo kwa makini nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana, nchini Marekani, kati ya mwaka 2007 na 2012. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kuchonga mawe ya chokaa. Kusini mwa mji huo, kuelekea Bedford, kuna machimbo mashuhuri yaliyotoa mawe ya majengo mengi makubwa ya Marekani, likiwamo lile la Empire State la New York. Kwa miaka zaidi ya thelathini mzee huyo alishika nyundo inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kila majira ya baridi vidole vyake viligeuka vyeupe na kufa ganzi. Ugonjwa huo haukuwa mgeni mahali hapo. Mwaka 1918 Dakta Alice Hamilton alifika Bedford kuwachunguza wachonga mawe, akaeleza hali hiyo hiyo ya vidole.

Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yao aliishi California, naye mzee alitaka kumfuata kwa pikipiki, safari ya zaidi ya kilomita 3,500, kama walivyopata kwenda yeye na mkewe zamani. Alikuwa na pikipiki ya zamani ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, ile ambayo mkewe aliipanda. Jirani alikuwa tayari kumwuzia nyingine, kubwa na laini, ya silinda sita zilizolala. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanafizikia, ipi aichukue. Sikuwa na jibu la haraka.

Hapana budi tueleze kwanza mtetemo unatoka wapi. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena; na kila inaposimamishwa na kugeuzwa, kani ile ile inayoigeuza huisukuma injini upande wa pili. Tuchukue pistoni yenye masi ya gramu 400, na nusu ya safari yake iwe sentimita 5. Krenkishafti ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, kani hiyo hufikia karibu nyutoni 490, tukipuuza athari ya urefu wa fimbo inayoishika pistoni. Ikizunguka mara 3,000, kani huwa karibu nyutoni 1,970, sawa na uzito wa kilo 200. Mzunguko umezidi mara mbili, kani imezidi mara nne. Mwalimu anaweza kuwaachia wanafunzi wahakikishe hesabu hiyo wenyewe.

Dawa ni kuipinga kani kwa kani nyingine. Silinda zikilala pande mbili zikitazamana, pistoni moja huenda kushoto wakati mwenzake aendapo kulia, na kani zao hufutana. Hubaki msokoto mdogo, kwa sababu pistoni hizo hazimo kwenye mstari mmoja. Lakini zikipangwa sita kwa utaratibu ufaao, hata misokoto hiyo hufutana. Kampuni ya Honda ya Japani ilionyesha pikipiki ya namna hiyo, Gold Wing, mwaka 1974, ikiwa na silinda nne na ujazo wa cc 999. Modeli ya mwaka 1988 ikapewa silinda sita, na ile ya mwaka 2001 ikafikia cc 1,832. Ukiweka bilauri ya maji juu ya kiti chake injini ikivuma polepole, uso wa maji hutulia.

Injini ya V ina historia nyingine. Kampuni ya Harley-Davidson ya Milwaukee, iliyoanzishwa mwaka 1903, ilitoa injini yake ya kwanza ya V mwaka 1909, na umbo hilo lenye pembe ya digrii 45 likawa kama sura yake. Lingalikuwa la digrii 90, uzito uliowekwa kwenye krenkishafti ungaliweza kuzifuta karibu kani zote kubwa. Kwa digrii 45 hauwezi. Sehemu yake hubaki na kumfikia dereva.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo ndiyo watu humaanisha wanaposema pikipiki ina tabia. Katika injini hii, tangu mlipuko wa silinda ya kwanza hadi ule wa pili ni digrii 315 za mzunguko. Kutoka hapo kurudi kwa ile ya kwanza ni digrii 405. Hivyo milipuko haiji kwa vipindi sawa, bali kama kwato za farasi anayechechemea. Tena, ikizunguka mara 900 kwa dakika, milipuko ni 15 tu kwa sekunde. Sikio huanza kuunganisha mapigo kuwa sauti moja yapatapo 20 hivi kwa sekunde. Chini ya hapo husikia pigo mojamoja. Injini ya silinda sita kwa mwendo huo hupiga 45, kila baada ya digrii 120, na sikio husikia mvumo tu.

Msomaji atambue kwamba mngurumo hutoka kwenye mpangilio wa milipuko, ilhali sehemu kubwa ya mtetemo hutoka kwenye masi zinazokwenda na kurudi. Ni mambo mawili, na yaweza kutenganishwa. Katika baadhi ya modeli za mwaka 2000, Harley-Davidson iliweka shafti mbili za kusawazisha zinazozunguka kinyume na krenkishafti: mtetemo ukapungua sana, kuchechemea kukabaki. Wapo walionung'unika kuwa pikipiki imeharibiwa. Mimi naona walichanganya sikio na mkono.

Pikipiki ya mzee haikuwa na shafti hizo. Nikamfanyia hesabu mezani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002, iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi, humtaka mwajiri achukue hatua mtetemo wa mikono unapofikia mchapuko wa mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa saa 8 za siku. Mchapuko ukiwa maradufu, muda haupungui kwa nusu bali kwa robo tatu, yaani hubaki saa 2. Naye alikusudia kuendesha saa 8 kila siku, kwa siku tano. Isitoshe, juu ya pikipiki ile miguu hutangulia mbele na kifua hukinga upepo. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, kani ya upepo huongezeka mara 2.25, na dereva hulazimika kuukaza usukani. Mkono unaokaza hupokea mtetemo mwingi zaidi.

Aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama hesabu yangu ilikuwa na mahali pa kumweka mkewe. Nikamwambia haina.

Aliichukua ile ya silinda sita, akafika California mwezi Juni. Ile ya V alimpa mpwa wake, mtaa wa pili, kwa sharti moja: kila Jumamosi asubuhi kijana aiwashe mbele ya nyumba, naye mzee husimama barazani, mikono mifukoni, akiisikiliza hadi injini ipate moto.