Moyo Wasikizwa Chini ya Godoro

Ama mashine ya moyo tuliyoizoea ni ile ya hospitali, ya nyaya na vibandiko kifuani. Siku hizi kuna ukanda mwembamba utiwao chini ya godoro, mgonjwa akalala zake nyumbani asijue kama anapimwa. Asili yake ni ya kale. Mwaka 1877 J. W. Gordon aliona mshale wa mizani ukitikisika kwa kila pigo la moyo wa mtu aliyesimama juu yake. Maana moyo ukisukuma damu, mwili nao husukumika kidogo.

Kidogo mno! Hapo ndipo penye kazi. Mgonjwa akigeuka, akikohoa, au mjukuu akirukia kitanda, pigo humezwa na mtikisiko huo. (Na mume aliye ubavuni naye ana moyo wake.) Mashine ikihesabu kila kitu, itampa daktari moyo wa mbio usiokuwapo.

Mamangu ni mgonjwa wa moyo. Mimi naona heri mashine izitupe dakika zisizosikika kuliko kubahatisha. Lakini ituonyeshe ni ngapi ilizozitupa, kwani huenda ndizo alizokuwa akigaagaa kwa maumivu.