Taa Isiyosikia Amri

Wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa wetu mliokwisha kutoka shuleni, tumezoea kudhani kwamba waya wa umeme una kazi moja tu, nayo ni kuleta nguvu. Kumbe waya huo huo waweza kuchukua habari pia, kama barabara moja ipitishavyo lori na mtu wa baiskeli. Huko Marekani jambo hili limo majumbani tangu mwaka 1978, vyombo viitwavyo X10 vilipoanza kuuzwa madukani. Vilibuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya mji wa Glenrothes, Uskoti, na jina lao latokana na kuwa ilikuwa kazi ya kumi ya kampuni ile. Siku hizi nyumba mpya hutumia zaidi mawimbi ya redio, lakini vyombo vya X10 vingali vinatumika katika nyumba za zamani, na ugonjwa wao ni ule ule wa tangu mwanzo.

Kwanza tueleze jinsi vinavyosema. Umeme wa Marekani huenda na kurudi mizunguko 60 kwa sekunde, na katika kila mzunguko hupita mara mbili mahali ambapo nguvu yake ni sifuri. Basi mara 120 kwa sekunde waya huwa kimya kwa kitambo kidogo sana. Hapo ndipo chombo kipelekacho amri kinapotia sauti yake: mtetemo wa 120,000 kwa sekunde, unaodumu sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Mtetemo ukiwapo kisha ukakosekana, hiyo ni moja. Ukikosekana kisha ukawapo, hiyo ni sifuri. Kwa moja na sifuri hizo hutajwa herufi, kuanzia A mpaka P, na namba, kuanzia 1 mpaka 16. Kwa hiyo nyumba yaweza kuwa na vyombo 256, kila kimoja na jina lake. Na tena, kila amri hutamkwa mara mbili mfululizo. Msomaji alishike neno hilo, maana litatufaa mbele.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mzee asiyeweza kushuka ngazi gizani amewekewa kibonyezo kando ya kitanda. Akibonyeza, taa ya chumbani yawaka mara moja. Taa ya ngazini haiwaki. Kesho yake jioni yawaka. Usiku wa manane, wakati anapoihitaji hasa, haiwaki. Wenye nyumba hulaumu taa, hununua nyingine, na ile nyingine nayo yawa kiziwi vile vile.

Mara nyingi taa haina kosa. Nyumba ya Marekani hupata umeme kwa nyaya mbili za moto, kila mmoja una volti 120, na katikati yake ni waya mweupe usio na moto. Kati ya nyaya mbili za moto mna volti 240, ambazo ni kwa vyombo vikubwa tu. Soketi na taa zimegawanywa: nusu ya nyumba i katika waya huu, na nusu i katika waya ule. Basi ishara ikitiwa upande mmoja haina njia ya ndani ya kufika upande wa pili. Yalazimika kutoka nje ya nyumba, iende mpaka kwenye transfoma ya mtaani, ivuke humo, kisha irudi. Transfoma ile imetengenezwa kwa mizunguko 60, wala si kwa mitetemo 120,000; kwa hiyo ishara irudiyo ni mnong'ono tu.

Liko jambo moja la kuchekesha ambalo limewashangaza watu wengi, nami naona ndilo somo zuri kuliko yote hapa. Mama wa nyumba akiwasha jiko kubwa la umeme ili aoke mkate, taa ya ngazini hutii! Jiko likizimwa, taa husahau amri tena. Si uchawi. Koili ya jiko lile hufungwa kati ya nyaya mbili za moto ili ipate volti 240. Ikiwaka huwa daraja, na ishara huvuka juu yake bila kwenda nje. Joto likitosha jiko hujikata lenyewe, na daraja huvunjika. Hii ndiyo sababu taa hutii leo na kukataa kesho.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu cho chote, pima. Chukua chombo cha ile taa kiziwi ukichomeke karibu na kibonyezo. Kikikataa hata hapo, basi chombo ndicho kibovu. Kikitii hapo, kirudishe mahali pake, washa jiko, ujaribu tena. Kikitii wakati jiko linapowaka tu, umekwisha kuujua ugonjwa. Lakini ikiwa hutii pale televisheni au kompyuta inapochomolewa, huo ni ugonjwa mwingine: vyombo hivyo huinywa ishara au hutia makelele katika waya, na dawa yake ni kichujio kinachowekwa kati ya plagi ya chombo na soketi. Nimeona watu wakitia fedha nyingi ukutani kwa kuruka hatua hii.

Kwa ugonjwa wa kwanza ziko dawa mbili. Ya bei ndogo ni daraja la kudumu, ambalo kiini chake ni kapasita: hupitisha mitetemo ya haraka na kuzuia ile ya mizunguko 60. Lakini haliongezi nguvu. Ishara iliyofika imechoka huvuka imechoka. Katika nyumba kubwa hufaa ripita, yaani chombo cha kurudia ishara. Ripita husikiliza amri inapotamkwa mara ya kwanza. Inapotamkwa mara ya pili, nayo huitamka papo hapo, kwa sauti mpya, katika nyaya zote mbili za moto. Ndiyo maana haichelewi.

Kuifunga ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni, kwani hufungwa kwenye sanduku kuu la breka. Breka kuu hata ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye mita huwa bado zina moto, na zinaua. Ripita huwekwa karibu sana na sanduku, ili nyaya zake ziwe fupi. Waya mweusi na waya mwekundu huenda kwenye breka pacha ya ampea 15, ambayo pande zake mbili huzimika pamoja. Waya mweupe huenda kwenye upau wa nyaya nyeupe, na wa kijani, kama upo, kwenye upau wa ardhi. Hapa yafaa kuangalia sana. Ziko breka nyembamba, mbili katika nafasi ya moja, na hizo zote mbili hunywa katika waya mmoja wa moto. Ripita ikifungwa humo haitavusha kitu. Fundi apime kati ya waya mweusi na mwekundu: akipata volti 240 ni sawa, akipata sifuri, zote mbili zi upande mmoja.

Lile daraja la kapasita, kama lilikuwapo, liondolewe. Wala zisiwekwe ripita mbili katika nyumba moja, zisije zikajibizana kama watu wawili mlimani. Kisha taa ya mbali ijaribiwe, jiko likiwa limezimwa.

Huku Uganda mtindo ni mwingine. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50, na nyumba nyingi hupata waya mmoja tu wa moto, kwa hiyo ishara haina mto wa kuvuka. Penye feizi tatu shida ipo, tena ni kubwa zaidi. Lakini ripita ya Marekani, iliyoundwa kwa nyaya mbili za moto na mizunguko 60, haifai kuletwa huku.

Limebaki jambo la majirani. Nyumba kadhaa zaweza kula katika transfoma moja, na ishara ya jirani ikaingia kwako. Ripita haichagui, nayo huipa nguvu kama yako. Taa ikijizima yenyewe wakati mnapokula, huenda jirani ameagiza taa yake ilale, naye ametumia herufi sawa na yako. Mwenye nyumba aweza kufungiwa kizuizi cha ishara pale umeme unapoingilia, lakini aanze kwa kubadili herufi. Hiyo ni kazi ya bisibisi ndogo na dakika chache.