MJI WA LAMU: MAWE YAKE, MAJI YAKE NA WATU WAKE

Motokaa haimfikishi mtu Lamu. Ajaye kwa nchi kavu hukoma Mokowe, na ajaye kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda, na wote wawili huvuka bahari kwa mashua mpaka gatini. Hapo ndipo mji uonekanapo wote kwa mara moja: nyumba nyeupe za ghorofa zikiipa bahari uso, na nyuma yake vichochoro vyembamba ambamo mizigo yote, tangu magunia ya saruji hata mitungi ya gesi, huchukuliwa na punda.

Huu ni mmoja wa miji ya Waswahili iliyo ya kale kabisa ambayo watu wangali wakikaa ndani yake. Msikiti wa Pwani una maandishi ya mwaka 1370, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini sifa hiyo haikuwatia fahari Waamu kuliko walivyokuwa nayo zamani. Mzee wa huko akitaka kujisifu husimulia vita vya Shela, yapata mwaka 1812, majeshi ya Mombasa na Pate yalipokuja kuutwaa mji, maji yakatoka, majahazi yao yakakwama mchangani, wakauawa wengi sana. Kisha Waamu, wakiogopa kisasi, wakamwendea Seyyid Said wa Omani. Ngome kubwa iliyo katikati ya mji ilimalizika katika miaka hiyo, na baadaye ikawa gereza hata mwaka 1984. Kwa hiyo ushindi ule uliwaletea mtawala mpya.

Mji una pande mbili, Mkomani kaskazini na Langoni kusini. Mkomani ni kwa nyumba kuu za mawe na za watu wa nasaba. Langoni palikuwa kwa wageni na watu wa hali ya chini. Huko Langoni ndiko alikojenga Habib Swaleh, sharifu wa asili ya Ngazija, msikiti wake wa Riyadha. Alisomesha hata watumwa na watoto wao, jambo ambalo wakubwa wengine hawakulipenda. Leo Maulidi ya Riyadha huvuta watu kutoka pwani nzima, na wajukuu wa wale waliochukizwa huketi safu moja na wengine.

Nyumba ya Mkomani hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu sana, na kwa sababu hiyo vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Mti wa mkoko ndio uliopima nyumba, si fundi. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu ukaingia na kutoka. Mwenye nyumba akiupaka saruji kwa kutaka wepesi, unyevu hufungiwa ndani, plasta hubanduka, na boriti huoza vichwa. Tena nyumba moja huweza kuwa na warithi wengi, mmoja Mombasa, mwingine Uarabuni. Hakuna akubaliye kulipia matengenezo peke yake, hata dari likashuka. Ndipo mgeni mwenye fedha hununua. Nyumba huokoka, lakini wenyewe huhamia pembezoni mwa mji.

Jambo la maji ni zito kuliko la mawe. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Maji matamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela: mvua huzama mchangani na kuelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Yakivutwa kwa pupa, maji ya chumvi hupanda mahali pake, na kisima kilichoharibika hivyo hakiponi upesi. Vilima hivyo hivyo ndivyo vipendwavyo na wajenzi wa mahoteli na nyumba za fahari, kwa ajili ya upepo na mandhari.

Upande wa bara, bandari mpya ilijengwa, na meli ya kwanza ikatia nanga mwezi wa Mei 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa kuchimba mkondo wa meli kuliharibu mahali pao pa kuvulia. Mwaka 2019 baraza la kuhukumu mambo ya mazingira lilifuta idhini ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa karibu na hapo. Kesi hizo zote mbili zilipelekwa na wananchi wenyewe. Waliokwenda kushitaki walikuwamo wavuvi ambao ramani yao ya bahari i kichwani tu.