Roboti yaweza kupasua, lakini uvimbe wa utumbo sharti ugunduliwe kwanza

ROBOTI ikitajwa katika habari za upasuaji, wengi hudhani kwamba mtambo humpasua mgonjwa wenyewe huku daktari akinywa chai. Sisi wa magazeti tumeichochea dhana hiyo kwa vichwa vyetu vya habari. Mtambo kama Da Vinci, ulioidhinishwa Marekani mwaka wa 2000, haufanyi lolote pasipo mkono wa daktari. Yeye huketi kando akitazama picha iliyokuzwa, na kila asogezapo vidole, vyombo vyembamba vilivyopenyezwa tumboni kupitia matundu madogo husogea vivyo hivyo.

Faida yake huonekana hasa katika duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, iliyobanana na kongosho na mrija wa nyongo, ambapo kushona ni kazi ya taabu. Uvimbe ukiwa mbele zaidi, aghalabu utumbo huweza kuvutwa nje kupitia mkato mfupi, kipande kibovu kikaondolewa na ncha mbili zikaunganishwa. Hapo roboti si lazima.

Utumbo huu una urefu wa takriban mita 6, lakini saratani zake hazifiki asilimia 5 ya saratani zote za njia ya chakula. Uchache huo ndio hatari yenyewe, kwa sababu hakuna anayeushuku. Mkazi wa Kawangware anayeumwa na tumbo huenda akatibiwa amiba, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo, zahanati moja baada ya nyingine hadi katikati ya jiji. Anapofika Hospitali Kuu ya Kenyatta, pengine utumbo umeshaziba.

Kamera ya kawaida inayopitishwa kinywani huishia duodeni. Ile inayopitia njia ya haja kubwa hukagua utumbo mpana na kufika tu mwisho wa ule mwembamba. Sehemu kubwa ya katikati huhitaji skani ya CT, au kamera ndogo inayomezwa kama kidonge. Kwa hivyo mtu mzima anayepungukiwa na damu bila sababu, anayepata choo cheusi, au mwenye maumivu yanayokuja na kuondoka pamoja na kutapika, ana haki ya kuuliza kuhusu vipimo hivyo iwapo kamera za kawaida hazikuona kitu.

Isitoshe, si kila uvimbe huanza na kisu. Limfoma mara nyingi hutibiwa kwa dawa, na uvimbe wa aina ya GIST huweza kupunguzwa kwa tembe za imatinib kabla ya upasuaji.