Fungamanisha na unganisha katika lugha ya programu
Fungamanisha hutokana na fungamana, kama katika "nchi zisizofungamana na upande wowote". Katika programu za kompyuta, kitenzi hiki hutaja kiungo cha kudumu baina ya kisanduku cha kuandikia na rekodi iliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta. Karani wa majahazi akifuta "Bagamoyo" kisandukuni na kuandika "Saadani", rekodi hubadilika. Rekodi ikibadilishwa kwingine, kisanduku nacho hufuata. Unganisha hakibebi maana hiyo ya kufuatana. Mfungamano ukiwa wa upande mmoja, kutoka rekodi kwenda kisandukuni tu, mfasiri autaje hivyo. La sivyo karani atadhani alichoandika kimepokewa, kumbe kimeishia kwenye skrini. Wala kufungamanisha si kuhifadhi.